Mkate wa Sufuria, Moto Juu

Mchele huloweshwa usiku kucha, asubuhi ukasagwa na tui zito la nazi, iliki, sukari na hamira. Rojo likishaumuka na kutoa vipovu, humiminwa kwenye sufuria iliyo motoni. Chini pakishika, sufuria hupinduliwa juu ya makaa ili uso nao uive, wala mkate hauanguki! Huo ndio mkate wa kumimina, fahari ya majiko ya Unguja.

Mkate wa namna hiyo waweza pia kupikwa bila sukari, kwa shayiri badala ya mchele. Shayiri haioti kisiwani. Ni zao la nchi za baridi. Hata hivyo, ile iliyobanwa hupatikana madukani mjini, na nyuzinyuzi zake ziitwazo beta-glukani husaidia kupunguza lehemu mbaya mwilini.

Ponda ndizi mbili zilizoiva sana, zile zenye madoa meusi, uchanganye na kikombe cha shayiri, yai moja na mdalasini kidogo. Mimina kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, funika, weka makaa machache juu ya mfuniko. Sukari ya nini tena?

Msimu wa embe boribo ukifika, kata vipande ule pembeni. Maandazi na chai ya sukari tele yabaki ya siku mojamoja.