Ubongo wa Mtoto na Mwanzo wa Lugha

Ni mazoea kuhesabu safari ya mtoto katika lugha kuanzia neno lake la kwanza, yaani yapata mwaka mmoja baada ya kuzaliwa. Hesabu hiyo imechelewa. Kufikia siku hiyo, ubongo wake huwa umeshughulika na lugha kwa zaidi ya mwaka mzima.

Ubongo huanza kama utando bapa wa seli. Utando huo hujikunja ukawa mrija, nao mrija hufungika karibu na siku ya 28 tangu mimba kutungwa, wakati ambapo akina mama wengi hawajatambua kuwa ni wajawazito. Usipofungika vyema, mtoto huweza kuzaliwa na mgongo wazi. Ndiyo maana wanawake hushauriwa watumie asidi ya foliki hata kabla ya kushika mimba. Baadaye seli za neva huongezeka kwa kasi ya ajabu, na nyingi mno huwa zimekwisha kuumbika mtoto azaliwapo.

Katika miezi mitatu ya mwisho, mtoto tumboni husikia. Hata hivyo, ukuta wa tumbo na maji ya uzazi huzifisha sauti za juu, hivyo konsonanti nyingi hupotea njiani. Kinachomfikia ni kiimbo, mkazo na mapigo ya usemi. Ni kama mtu anayesikiliza utenzi ukighaniwa nyumba ya pili: maneno hayamfikii, ila mizani anaipata. Mwaka wa 1980, DeCasper na Fifer walionyesha kwamba watoto wasiozidi siku tatu hubadilisha mwendo wa kunyonya ili wasikie sauti ya mama badala ya sauti ya mwanamke mwingine. Mwaka wa 2009, Mampe na wenzake waligundua kuwa vilio vya vitoto vichanga vya Kifaransa huelekea kupanda, ilhali vya Kijerumani huelekea kushuka. Kumbe hata kilio kina lafudhi!

Baada ya kuzaliwa, kazi kubwa ni kuziunganisha seli hizo. Viungo huota kwa wingi kupita mahitaji, kisha visivyotumika hupogolewa. Werker na Tees walibainisha mwaka wa 1984 kwamba watoto wa Kiingereza wenye umri wa miezi 6 hadi 8 hutofautisha sauti za Kihindi ambazo hawajapata kuzisikia; wakaribiapo mwaka mmoja, wengi wao hushindwa. Mhadhiri anayemsahihisha mwanafunzi wake /r/ na /l/, basi, huenda anapambana na mazoea yaliyoanza kujengeka kabla mwanafunzi huyo hajajua kutembea.

Aidha, ubongo haudai sauti; unadai lugha. Petitto na Marentette walionyesha mwaka wa 1991 kuwa watoto viziwi wanaolelewa kwa lugha ya ishara hubwabwaja kwa mikono. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 120, inaitambua Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Lakini mtoto kiziwi ambaye wazazi wake wanasikia huweza kuikuta lugha hiyo kwa mara ya kwanza shuleni, na kufikia hapo upogoaji umekuwa ukiendelea kwa miaka kadhaa.