Darlington: Mji wa Soko Uliozaa Reli

Ukipanda treni ya umeme kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, reli mbili unazopita juu yake zimeachana kwa milimita 1435. Kwa nini isiwe 1400 au 1500, ikawa rahisi kukumbuka? Jibu lake liko Uingereza, katika mji wa soko uitwao Darlington.

Mji huu uko kaskazini-mashariki ya nchi hiyo. Kutoka London treni huchukua kiasi cha saa mbili na nusu. Mgeni akishuka stesheni, hutembea kwa miguu tu mpaka katikati ya mji, na hapo anakuta soko. Jengo lake kubwa lenye paa lilifunguliwa mwaka 1863. Mnara wake wa saa ulimalizika mwaka 1864. Lakini watu waliuza na kununua mahali hapo mamia ya miaka kabla ya jengo hilo.

Shida yao ilikuwa usafiri. Makaa ya mawe yalichimbwa kwenye vilima vya magharibi. Kila nyumba iliyahitaji kwa kupikia na kuota moto, maana baridi ya huko si mchezo. Lakini yalibebwa na farasi na mikokoteni, katika barabara mbovu. Yakifika kwa mnunuzi, bei imeshapanda. Mkulima anayepeleka mahindi mjini anaijua hadithi hii vizuri.

Basi mfanyabiashara mmoja wa sufu, Edward Pease, na wenzake wakachanga fedha ili wajenge reli. Waliwaza kwamba farasi watavuta mabehewa juu yake. Mwaka 1819 Bunge likawakatalia. Bwana mmoja mkubwa wa mashamba alipinga kwa sababu njia ingeharibu mahali pake pa kuwindia mbweha! Wakaihamisha njia, na mwaka 1821 wakakubaliwa.

Mwaka huohuo Pease alikutana na George Stephenson, fundi wa mashine za migodini. Hebu tumtazame mtu huyu. Alizaliwa mwaka 1781, baba yake kibarua wa mgodi. Shule hakupelekwa. Alifika umri wa miaka 18 hajui kusoma. Ndipo akaanza shule ya usiku, baada ya kazi, akilipa ada kutoka katika mshahara wake mdogo. Mikono yake ilikuwa hodari tangu zamani, lakini habari za mashine ziliandikwa vitabuni, na vitabu vilikuwa vimefungwa kwake. Fundi huyu ndiye aliyemshawishi Pease kwamba mvuke unaweza kufanya kazi ya farasi.

Unafanyaje? Umeona sufuria ya maharage inavyochemka, kifuniko kikaruka-ruka? Mvuke unatafuta pa kutokea. Katika mashine, moto huchemsha maji ndani ya pipa kubwa la chuma liitwalo boila. Mvuke hupelekwa kwenye silinda, ukasukuma pistoni mbele na nyuma, na vyuma vilivyoungwa na pistoni huzungusha magurudumu.

Tarehe 27 Septemba 1825, Stephenson mwenyewe aliendesha treni kutoka Shildon, kupitia Darlington, hadi Stockton penye bandari ya mto. Kichwa cha treni kiitwacho Locomotion kilivuta makaa, unga na mamia ya watu. Reli za migodini zilikuwapo kabla, lakini hii ilikuwa reli ya umma ya kwanza kutumia treni ya mvuke. Makaa yaliyouzwa Stockton shilingi 18 za Kiingereza kwa tani, mwanzoni mwa 1827 yaliuzwa shilingi 8 na nusu. Abiria, kwa kweli, waliendelea kuvutwa na farasi kwa miaka kadhaa.

Sasa kile kipimo. Stephenson alitumia upana aliouzoea migodini: futi 4 na inchi 8. Baadaye ikaongezwa nusu inchi ili magurudumu yasibanwe. Ndiyo milimita 1435. Reli yetu ya zamani ya kati ina milimita 1000, na TAZARA 1067. Ndiyo maana behewa la reli moja haliwezi kupita tu kwenye nyingine.

Mgeni wa Darlington leo ataona daraja la mto Skerne, la mwaka 1825, na treni bado zinapita juu yake. Stesheni ya North Road, ya mwaka 1842, imo ndani ya makumbusho ya Hopetown yaliyofunguliwa mwaka 2024.  Locomotion chenyewe kilihamishiwa Shildon mwaka 2021, na wenyeji wengi waliudhika.

Hatazikuta karakana kubwa zilizofunguliwa mwaka 1863 zikaunda vichwa vya treni. Zilifungwa mwaka 1966, na maelfu ya kazi za mafundi zikaisha. Lakini mwaka 1990 watu waliopenda treni za mvuke wakaanza kuchangishana kidogo kidogo kila mwezi, ili waunde kichwa kipya cha aina iliyokuwa imevunjwa yote kuwa vyuma chakavu. Walikiita Tornado. Kilikamilika Darlington mwaka 2008. Boila yake ilibidi iagizwe Ujerumani, kwa kuwa Uingereza yenyewe haikuwa tena na karakana ya kuunda boila kubwa kiasi hicho.