Vita vilivyoingia mfukoni

Hebu ilaze simu yako kwa ubavu, kisha uongeze upana wa kidole hivi. Huo ndio ukubwa wa picha alizotoa Jacques Callot, fundi wa mji wa Nancy, mwaka wa 1633. Ni picha 18 za vita, na ndani ya moja tu umejaa umati mzima wa watu.

Ulaya ilikuwa katikati ya Vita vya Miaka Thelathini. Michoro mikubwa ya rangi ilikuwa ya ikulu: mfalme juu ya farasi, kashinda. Wewe raia wa kawaida ungeiona wapi?

Chapa ikageuza stori. Fundi anapaka bamba la shaba vanishi, anachora kwa sindano, kisha anamwaga asidi inayokula ile mistari tu. Anatia wino, anafuta juu, anakandamiza karatasi yenye unyevu. Bamba moja, nakala mamia! Wenzake walitumia nta laini; Callot akachukua vanishi ngumu ya mafundi wa ala za muziki, na mistari yake ikatoka myembamba kama unywele.

Sasa tazama alichochora. Askari wanavamia nyumba ya mkulima. Mtu ananing'inizwa miguu juu, kichwa motoni. Baadaye waporaji wananaswa na kunyongwa kwenye mti mmoja mkubwa. Padre yuko kwenye ngazi na msalaba wake. Chini ya mti, jamaa wanarusha dadu juu ya ngoma, eti kama vile hakuna kinachoendelea. Hao wacheza dadu ndio hunikosesha amani kuliko waliokufa.

Lakini usimwite mwanaharakati upesi. Picha zilitoka Paris kwa kibali cha mfalme wa Ufaransa, Louis XIII, ambaye mwaka huohuo jeshi lake liliteka Nancy, kwao Callot. Na picha ya mwisho inaonyesha mfalme akiwatuza askari wema. Je, alilaani vita, au askari watundu tu? Wataalamu bado wanabishana. Inasimuliwa kwamba mfalme alimtaka achore kutekwa kwa Nancy, naye akakataa katakata. Mimi namwona mtu aliyejua kibali kinataka nini, akakipata, kisha akachora mti ule hata hivyo.

Callot alifariki 1635. Vita viliendelea miaka 13 zaidi, na mabamba yake yakaendelea kutiwa wino.