Harusi ya kizamani Old Korogwe: Ukumbi si lazima, siku 21 msizisahau

Bwana harusi kavaa bugaluu, bibi harusi gauni la mama yake, wageni 20, pilau nyumbani na zilipendwa mpaka jioni. Harusi ya hivi inawezekana kabisa Old Korogwe, bila ukumbi wala kadi za michango.

Ila ndoa yenyewe ina utaratibu wake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya dini, ya kimila na ya kiserikali. Ya kiserikali inafungwa mbele ya msajili, kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya.

Mnatakiwa kufanya nini?

- Toeni taarifa ya kuoana angalau siku 21 kabla, ili mwenye pingamizi ajitokeze.
- Njooni na mashahidi wasiopungua wawili.
- Wote muwe mmeridhia wenyewe.
- Msiondoke bila kufuatilia cheti.

Kwa nini msisubiri michango itimie? Wengi wanaishia kuishi pamoja tu. Kweli, mkikaa miaka miwili mkijulikana kama mume na mke, sheria inawadhania mmeoana. Lakini dhana hiyo inaweza kupingwa mahakamani. Siku mmoja akifariki na ndugu wakaitaka nyumba, mwenye cheti hahangaiki kutafuta wa kumshuhudia.

Na picha? Stesheni ya Korogwe inafaa: reli kutoka Tanga ilifika mji huo mwaka 1902. Ombeni ruhusa kwanza.