Nyasi Zikiachwa Zirefuke, Bingwa Hubadilika

Usukumani, pamba ikishavunwa, makundi ya wachezaji, Bagika na Bagalu, hukutana kwa ngoma. Wazee wa Bariadi hawahitaji kuelezwa utaratibu: makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na umati ndio mwamuzi. Uliojaza watu umeshinda. Ndiyo maana wapo wanaoingia na chatu shingoni, na samba, dawa ya kuvuta watu, haikosekani. Kwa kigezo hicho, mwenye hatua safi asiye na kituko anaweza kurudi nyumbani kashindwa.

Gofu nayo ina mambo hayo: anayeweka kigezo huchangia kuamua nani ashinde. Kabla ya mashindano, waandaaji huamua njia ya mpira ifyekwe kwa upana gani, nyasi za kando ziachwe zirefuke kiasi gani na shimo lichimbwe wapi. Mwaka 1973, katika uwanja wa Oakmont, Johnny Miller alifunga Mashindano ya Wazi ya Marekani kwa raundi ya mikwaju 63. Mwaka uliofuata, Winged Foot, jimboni New York, uwanja ulikazwa hadi bingwa, Hale Irwin, akamaliza mikwaju saba juu ya kiwango. Wengi waliona ni kisasi cha waandaaji kwa 63 ya Miller.

Lakini mpanga uwanja naye huzidiwa ujanja. Mashindano hayo yaliporudi Winged Foot mwaka 2020, njia zilikuwa nyembamba na nyasi za kando ndefu. Ungedhani atang'ara mpigaji wa kunyoosha. Bryson DeChambeau alipiga kwa nguvu zote, mpira ukaanguke popote, kisha akaukwamua nyasini kwa fimbo fupi. Kati ya njia 56 alizipata 23 tu, akashinda kwa tofauti ya mikwaju sita! Hesabu yake ilikuwa rahisi: ikiwa kila mtu atakosa njia, heri ukose ukiwa karibu na shimo.

Jirani zetu Wakenya wana mtego wao. Nairobi iko juu sana, hewa nyepesi, mpira huruka mbali kuliko vipimo vinavyoonyesha. Nyasi za uwanja wa Muthaiga jijini humo ni kikuyu, ngumu, zenye asili ya nyanda za juu za Afrika Mashariki na zilizozoeleka pia Afrika Kusini. Justin Harding, bingwa wa Kenya Open mwaka 2021 uwanjani Karen, na Jacques Kruyswijk, aliyeshinda Muthaiga mwaka 2025, wote ni wa Afrika Kusini. Huenda imetokea tu, ila mgeni asiyezijua nyasi hizo hunaswa fimbo. Zimefika hadi Torrey Pines, California, alikotwaa Jon Rahm ubingwa wa Marekani mwaka 2021.