Asha, Aisha au Esha: Jina lipi ndilo sahihi?

Mwanzoni mwa muhula huu, msichana mmoja wa mwaka wa kwanza alibisha hodi ofisini mwangu akiwa na bahasha ya vyeti. Cheti chake cha kuzaliwa kinasema Asha. Cha mtihani wa kidato cha nne kinasema Aisha. Kitambulisho nacho kinasema Esha. Kwao Kwale, nyanyake humwita Mwanaisha. Ombi lake la mkopo wa masomo lilikuwa limekwama, na karani mmoja alikuwa amemwambia kwa ukali aende akalete "jina sahihi".

"Prof, hebu niambie," akauliza, "jina langu sahihi ni lipi?"

Nilimjibu kwamba yote ni sahihi. Najua jibu hilo halimsaidii mbele ya karani. Hata hivyo linastahili kufafanuliwa, maana wapo wengi wanaodhani kuwa Asha ni Aisha iliyoharibiwa na watu wasiojua Kiarabu. Sivyo kabisa.

Tuanze na asili yake. Jina hili limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye konsonanti tatu, yaani ain, ya na shin, ambao dhana yake ya msingi ni kuishi. Aisha basi ni 'mwanamke aishiye', au 'aliye hai'. Mzizi uo huo ndio uliotupa kitenzi ishi na nomino maisha. Kwa hivyo anayemwita Aisha na anayemuuliza mwenzake "siku hizi unaishi wapi?" wanateka maji katika kisima kimoja. Nchini Misri, neno la mzizi huu ndilo linalotumiwa kuutaja mkate. Katika baadhi ya nchi za Ghuba, hutumiwa kuutaja wali. Si ajabu. Anayekula ndiye anayeishi.

Hapa msomaji asije akachanganyikiwa. Kitenzi isha, kama katika "unga umekwisha", ni cha Kibantu. Nayo Isha, swala ya usiku, imetoka Kiarabuni lakini kwa mzizi mwingine. Vilevile, Asha wa Kihindi, kama alivyoitwa mwimbaji Asha Bhosle, si huyu wetu. Jina hilo asili yake ni Kisanskriti na maana yake ni tumaini. Maneno kufanana sura si ushahidi kwamba ni ndugu.

Sasa turudi kwenye vyeti vya binti yetu. Katika Kiarabu sanifu, jina hili huanza kwa ain, sauti ya kooni, ikifuatwa na a ndefu. Kisha pumzi hukatwa kidogo kooni kabla ya i. Mkato huo huitwa hamza. Kiswahili hakina ain wala hamza, hivyo zote mbili zilidondoka, a na i zikabaki zimegusana.

Irabu hizo zikigusana, wasemaji wana njia kadhaa. Kwanza, wanaweza kuziacha zilivyo, kama katika faida na kaida. Hapo tunapata Aisha. Pili, wanaweza kuziunganisha ziwe e. Hiyo ndiyo kanuni inayogeuza ma+ino kuwa meno, na wa+ingi kuwa wengi. Hapo tunapata Esha. Tatu, i inaweza kumezwa, tukabaki na Asha. Majirani zetu Wasomali nao waliimeza i lakini wakaihifadhi ain, ambayo katika maandishi yao ni herufi c. Ndiyo maana wao huandika Caasha.

Na Mwanaisha je? Hili ni Mwana na Aisha. A mbili zilipokutana zikawa moja, sawa na wa+alimu kuwa walimu. Mwana hapa si mtoto. Ni neno la heshima kwa mwanamke wa pwani, kama tunavyoliona katika jina la Mwana Kupona binti Msham, aliyetunga utenzi wake maarufu mwaka wa 1858. Nyanya wa Kwale hakosei. Anamheshimu mjukuu wake.

Umaarufu wa jina hili una chanzo kinachojulikana. Bi Aisha binti Abubakar, mkewe Mtume Muhammad, aliyefariki mwaka wa 678, anatajwa kuwa msimulizi wa hadithi zaidi ya 2,000, na masahaba walimwendea kuuliza masuala ya dini. Mzazi anayempa bintiye jina hili humtakia uhai, na pia humwombea elimu. Uislamu ulipoenea, jina likasafiri nao: Waturuki wana Ayşe, Wasenegali wana Aïssatou. Wimbo "Aïcha" wa Khaled, wa mwaka wa 1996, ulilifikisha hata kwa wasio Waislamu. Jirani zetu Watanzania wana Asha-Rose Migiro, aliyekuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2012. Katika jina lake, Kiarabu na Kizungu vimekaa bega kwa bega.

Hakuna anayemwambia Mturuki kwamba Ayşe ni kosa. Kila jamii iliyolipokea jina hili ililitengeneza lilingane na ulimi wake. Mbona basi sisi tuwaonee haya akina Asha na Esha?

Hata hivyo, sajili za serikali hazijui fonolojia. Wazazi, chagueni umbo moja, kisha mliandike vivyo hivyo kliniki, shuleni na kwenye kitambulisho. Herufi moja leo yaweza kumnyima mtoto karo kesho.

Binti yetu nilimshauri aandikishe hati ya kiapo inayoeleza kwamba Asha, Aisha na Esha ni mtu mmoja. Akachagua kubaki na Asha, jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa. Nyanyake, naambiwa, bado anamwita Mwanaisha.