Mtaji wa Marsabit Uko Msituni

Abiria anayetoka Isiolo kwenda Moyale hupita kwa saa kadhaa katika nchi isiyo na cha kumkinga mtu na jua. Anachokiona ni changarawe za jangwa la Kaisut, migunga mifupi na ngamia wanaotafuna miiba. Kisha barabara huanza kupanda, hewa hupoa, na mbele yake hutokea mlima uliovikwa msitu mbichi. Ubavuni mwa mlima huo kuna mji wenye benki, misikiti, makanisa, vituo vya mafuta, maduka ya jumla na mnada wa mifugo. Huo ndio Marsabit, makao makuu ya kaunti pana kuliko mataifa kadhaa ya Afrika, ambayo sensa ya mwaka 2019 iliihesabia watu 459,785 tu. Upande wa kaskazini umeshikwa na mawe meusi ya Dida Galgalu, na kaskazini-magharibi ni Chalbi, bonde la chumvi linalometameta mchana kutwa. Watu wengi wakiulizwa mji wa biashara ulifikaje mahali kama hapo, hutaja serikali iliyoweka boma, au barabara ya lami. Majibu hayo yana ukweli, lakini yanaanzia katikati ya hadithi. Mji huu ulizaliwa na msitu na mpaka leo unalishwa na msitu, na yeyote anayepanga kesho yake bila kuuhesabu msitu huo anapiga hesabu pungufu.

Tuanze na maji, maana jangwani maji ndiyo huamua nani akae na nani ahame. Mlima Marsabit ni volkano iliyozimika zamani, na kilele chake kinapita kidogo mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Nyanda zinazouzunguka hupata kiasi cha milimita 200 za mvua kwa mwaka, hali huko juu mvua hufika 800 hivi. Tofauti hiyo huletwa na upepo wa kusini-mashariki, ndugu wa kusi wanaoujua mabaharia wa Lamu na Mombasa. Upepo huo hutoka Bahari ya Hindi na unyevu wake, ukavuka nyika tambarare karibu bila kudondosha kitu, hadi ukutane na mlima. Hapo hulazimika kupanda, na ukipanda hupoa, na unyevu wake hugeuka ukungu unaoufunika msitu usiku na asubuhi. Majani ya miti mirefu, pamoja na nyuzi za kijivu zinazoning'inia matawini kama ndevu za mzee, huukamata ukungu huo na kuudondosha chini tone kwa tone. Kwa hiyo mti wa Marsabit haunywi maji tu, huyaleta pia. Ukikatwa, sehemu kubwa ya ukungu uliokuwa ukikwama kwake itapita zake. Upepo wa ukanda huo huo ndio unaozungusha mitambo 365 ya umeme karibu na Loiyangalani, mradi wa megawati 310 uliozinduliwa mwaka 2019. Hakuna anayebisha kwamba mitambo ile ni rasilimali ya taifa, tena ina walinzi, mafundi na bajeti. Msitu nao huvuna upepo uo huo, tofauti ni kwamba unachovuna ni maji. Basi kwa nini tuuite pori?

Maji hayo ndiyo yaliyoleta soko. Kabla hakujawa na duka hata moja mlimani, Warendille wa upande wa Kaisut, Wagabra wa upande wa Chalbi, Waborana na ng'ombe wao pamoja na Wasamburu waliujua mlima kuwa kimbilio la kiangazi, kwa maana malisho ya chini yalipokwisha, ya juu yalikuwa yangalipo. Waingereza walipoweka boma lao mwanzoni mwa karne ya 20, walifuata maji na ubaridi uliokuwapo tayari, na wenye maduka, wakiwamo Wasomali na Waarabu, wakalifuata boma. Waburji waliotoka kusini mwa Ethiopia walileta ustadi wa jembe, na baadaye wengi wao wakawa wafanyabiashara wakubwa. Hapo ndipo biashara yenyewe inapoeleweka. Soko hustawi pale wanapokutana watu ambao kila mmoja ana asichokuwa nacho mwenzake. Mfugaji analeta mbuzi, ngamia na maziwa, naye mkulima wa mlimani ana mahindi, maharage, mboga na miraa. Ondoa msitu na mvua yake, na mlima utafanana na nyanda zake. Kila mtu atakuwa na mbuzi wa kuuza, na hatakuwapo mwenye nafaka ya kubadilishana naye.

Atakayepinga atasema kwamba hayo yalikuwa ya zamani, na siku hizi mji unabebwa na lami. Ni kweli kwamba kaskazini ya Kenya ilifungwa kwa muda mrefu. Sheria za kikoloni za mwaka 1902 na 1934 ziliwabana watu wasiingie wala kutoka ila kwa kibali, na baada ya uhuru hali ya hatari iliendelea mpaka mwaka 1991. Malori yalisafiri kwa msafara chini ya ulinzi wa polisi, katika barabara ya mawe iliyovunja springi na viuno. Kufikia mwaka 2017 lami ilikuwa imeunganisha Isiolo na Moyale, na safari iliyokula siku nzima au zaidi ikawa ya saa chache. Lakini barabara hiyo hiyo inapita Laisamis, tena inapita Turbi, na hakuna kati ya hizo iliyogeuka Marsabit. Barabara hukuza kilichopo. Tena hukuza na kiu, kwa kuwa wakazi huongezeka, nyumba za wageni huongezeka, na haja ya kuni, makaa na mbao hupanda pamoja nao. Kadiri lami inavyofanikiwa, ndivyo msitu unavyobeba mzigo mkubwa zaidi.

Pingamizi la pili ni la kiufundi: si tunaweza kuchimba visima? Tunaweza, na inafaa vichimbwe, ila havitaziba pengo la msitu. Mwamba wa volkano una vitundu na nyufa, hivyo mvua huzama chini sana na kuyafuata maji hayo ni gharama kubwa. Mji umetegemea sana chemchemi za Bakuli zilizomo ndani ya msitu wenyewe, na wafugaji wametegemea visima vya mikono kama vya Ulanula, ambako vijana wa Kiborana hupanga mstari kutoka shimoni na kupokezana ndoo huku wakiimba. Vyote hivyo hujazwa na maji yaliyopenya kwenye mizizi huko juu. Hata bwawa la Badasa, lililoanza kujengwa kisha likakwama kwa miaka mingi, likimalizika litahitaji mlima wa kulijaza. Kuanzia vuli ya mwaka 2020 misimu mitano ya mvua mfululizo ilishindwa, na kaunti nzima ikaona mifugo inavyoanguka na maboza ya maji yanavyozidiwa. Wenye fedha walishalielewa jambo hili mapema. Bima ya mifugo iliyoanza Marsabit mwaka 2010 haihesabu mizoga. Hupima kwa setilaiti jinsi uoto ulivyo kijani, na ukijani ukishuka kupita kiwango fulani, mfugaji hulipwa. Ikiwa kampuni za bima zinaweza kuthamini majani kwa shilingi, serikali ya kaunti haina udhuru.

Lililo zito zaidi ni pingamizi la haki. Hifadhi ya mlima, wengine watasema, imekuwa ya ndovu na watalii, na mama anayebeba kuni mgongoni ndiye anayekamatwa. Lina uzito, na historia inalipa nguvu. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri ya kumlinda Ahmed, ndovu wa Marsabit mwenye pembe zilizokaribia kugusa ardhi, na askari wakamfuata popote alipokwenda mpaka alipokufa mwaka 1974. Sanamu yake ingali katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi. Ulinzi ule ulikuwa jambo jema, ila uliwafundisha watu kwamba msitu ni mali ya mnyama mashuhuri na ya serikali. Hoja yangu inakwenda kinyume cha fundisho hilo. Msitu ukihesabiwa kuwa chanzo cha maji na soko, mwenye haki ya kwanza ni mkazi, na jukumu la kwanza ni lake pia. Sheria za misitu za Kenya, ya mwaka 2005 na iliyoifuata ya mwaka 2016, zinaruhusu vyama vya jamii kushiriki katika usimamizi, na wafugaji wana desturi ndefu ya kutenga malisho ya akiba yasiyoguswa mpaka wazee wakubaliane. Mama wa kuni anahitaji miti ya kuni shambani na gesi anayoimudu. Kumfungia njia bila kumpa mbadala ni dhuluma, nayo hailindi mti, kwani atarudi usiku.

Sisemi kwamba miti itatibu kila kidonda cha Marsabit. Uhasama wa jamii, uliofanya serikali itangaze amri ya kutotoka nje usiku mnamo Mei 2022, una mizizi katika siasa za viti, mipaka na silaha pia. Hata hivyo, malisho na maji vikipungua, kila ugomvi mwingine hupata kuni za kuwashia. Ndiyo maana jambo la kudai ni la kawaida kabisa, na lina mahali pake katika vitabu vya hesabu. Msitu huu wa takriban hekta 15,000 upewe fungu lake katika bajeti ya maji kama zinavyopewa pampu na mabomba, na sehemu ya ushuru unaokusanywa mnadani irudi mlimani kulipa walinzi wa vijijini na kupanda miti mashambani. Mfanyabiashara wa Marsabit hulipia leseni, hulipia pango, hulipia umeme. Kinachompa wateja ndicho pekee asichokilipia, na deni hilo, lisipolipwa kwa hiari sasa, litadaiwa mara moja na kwa wote siku chemchemi zitakapokauka.